Kugeza si Kurekebisha: Neno "Rangi" na Istilahi za Upimaji katika Uchapishaji wa Dijitali

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi za Kiswahili kuna swali moja ambalo halikomi kuulizwa: je, Kiswahili kina majina ya rangi ya kutosha? Swali hili huulizwa na waandishi wa vitabu vya sanaa na wafasiri wa miongozo ya mitambo, na kwa namna nyingine limewahi kuulizwa na wanaisimu wenye sifa kubwa ulimwenguni. Makala haya yanadai kuwa swali lenyewe limeelekezwa mahali pasipo pake. Mtambo wa kisasa wa kuchapisha, ambao kwa siku moja hutoa maelfu ya kurasa zenye picha za rangi, haujui jina la rangi hata moja. Unachokijua ni vipimo. Na ili vipimo hivyo vielezwe kwa Kiswahili, kwa mwanafunzi wa ufundi au kwa mtafiti, inabidi kwanza yatenganishwe mambo matatu ambayo wasemaji huyaita yote rangi, na matendo mawili ambayo mafundi huyaita yote kurekebisha. Upungufu uliopo uko hapo. Wala si mdogo, kwa sababu neno likikosa mpaka, kazi nayo hukosa mpaka.

2.0 Jicho Lisilo na Majina

Inafaa kuanza na mtambo wenyewe. Ndani ya kichapishi cha leza cha rangi, wino ni unga mkavu uitwao tona. Unga huo ni wa aina nne: saiani, majenta, manjano na nyeusi. Umeme tuli huuvuta unga ukae juu ya dramu; katika mitambo mingi huhamishiwa kwanza juu ya mkanda, na kutoka kwenye mkanda hupelekwa kwenye karatasi, ambapo joto na mgandamizo huuyeyusha ukashika. Umeme tuli, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kusugua chanuo kwenye nywele kavu, hutegemea hali ya hewa. Unyevu mwingi hupunguza chaji ya chembe za tona, na kiasi cha unga kinachoshika hubadilika. Kwa hiyo kichapishi kilekile, chenye tona ileile, hakina hakika ya kutoa picha ileile asubuhi ya masika Dar es Salaam na mchana wa kiangazi Dodoma.

Ili kukabili hali hiyo mtambo hujipima. Baada ya kuwashwa, au baada ya idadi fulani ya kurasa, huchapa viraka vidogo vya majaribio juu ya mkanda wake wenyewe, viraka ambavyo mtumiaji havioni kamwe, na kuvipitisha mbele ya kihisi. Kihisi hicho si kitu cha ajabu. Kina diodi inayotoa nuru, aghalabu ya infraredi ambayo jicho la mtu haliioni, na kifaa kingine kidogo kinachopokea nuru iliyorudi. Mkanda mtupu hung'aa na kuirudisha nuru upande mmoja kama kioo. Tona ya saiani, ya majenta au ya manjano huitawanya nuru hiyo kila upande. Tona nyeusi huifyonza, kwa sababu kiini chake ni masizi ya kaboni. Hivyo basi wingi wa tona nyeusi hukadiriwa kwa kuangalia jinsi mng'ao wa mkanda ulivyofifia, na wingi wa zile tatu nyingine kwa kuangalia nuru iliyotawanyika.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: mbele ya infraredi, saiani, majenta na manjano zinafanana sana. Jicho linalosimamia rangi zote za mtambo halioni rangi. Linaona wingi wa unga tu, na kutokana na wingi huo kompyuta ya mtambo huamua voltija iongezwe au ipunguzwe. Mwanafunzi akielezwa kuwa "kihisi kinapima rangi", atakuwa ameelezwa jambo ambalo si kweli, na hakuna sentensi itakayofuata itakayomsaidia kuelewa kwa nini picha inaweza kuharibika ilhali kihisi kimeridhika.

3.0 Mambo Matatu katika Neno Moja

Kifaa cha pili, ambacho kilikuwamo viwandani miaka mingi kabla ya uchapishaji wa dijitali, ni densitomita. Hiki huangaza karatasi iliyochapwa, kikaipokea nuru iliyoakisiwa kupitia kichujio: kichujio chekundu kwa wino wa saiani, cha kijani kwa majenta, cha buluu kwa manjano. Usomaji wa 1.0 maana yake ni kuwa sehemu moja tu kati ya 10 ya nuru imerudi. Usomaji wa 2.0 ni sehemu moja kati ya 100. Mchapaji hutumia tarakimu hizo kujua kama wino umewekwa mzito au mwepesi. Lakini wino wa saiani kutoka viwanda viwili tofauti unaweza kutoa usomaji uleule wa densitomita, na bado macho ya mtu yakaona samawati mbili zisizofanana. Densitomita nayo haipimi rangi. Hupima wingi wa wino kwa kuulizia nuru iliyofyonzwa.

Kifaa cha tatu ni spektrofotomita. Hiki huigawa nuru iliyoakisiwa kulingana na urefu wa mawimbi, kwa kawaida kuanzia nanomita 400 hadi 700, na kwa hatua za nanomita 10 hutoa tarakimu 31 kwa kila kiraka. Katika vifaa vya uchapaji, nuru hutumwa kwa pembe ya digrii 45 na kupokewa kwa wima, ili mng'ao wa juu ya karatasi usiingie katika hesabu. Tarakimu 31 hizo ni sifa ya uso wa karatasi ile, nazo hazimhitaji mtu yeyote wa kuitazama. Zikishaunganishwa na aina ya taa na kiwango cha jicho la binadamu, ndipo hugeuzwa kuwa tarakimu tatu za mfumo wa mwaka 1976 wa kamisheni ya kimataifa ya nuru, yaani CIELAB: moja ya ung'avu, kuanzia 0 hadi 100, na mbili za kuonyesha rangi imeelekea wapi kati ya wekundu na ukijani, na kati ya umanjano na ubuluu.

Ni hapa neno rangi linapoelemewa. Neno hili, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, hutaja kitu kinachopakwa ukutani, hutaja hali ya uso uliopakwa, na hutaja kile anachokiona mwenye macho. Kwa matumizi ya nyumbani hakuna hasara yoyote. Fundi akisema "rangi imekwisha" juu ya ngazi, hakuna anayedhani kuwa dunia imegeuka kuwa nyeusi na nyeupe. Katika maelezo ya upimaji, hata hivyo, mambo matatu haya hupimwa kwa vifaa vitatu tofauti, na hasara huanza pale mwandishi anapolazimika kuandika kuwa rangi ya rangi imebadilika ingawa rangi ni ileile.

Kinachotia moyo ni kwamba Kiswahili hakikuikosa tofauti hii. Kimeiweka mahali pasipotazamwa na wanaistilahi, yaani katika vitenzi. Mwenye khanga mpya akiifua na maji yakageuka mekundu, husema khanga imechuja. Khanga ileile ikianikwa juani miezi mingi, husema imepauka. Kuchuja ni habari ya kitu kilichotoka katika uzi na kuingia katika maji. Kupauka ni habari ya mwonekano uliopungua, hata kama maji hayakugusa kitambaa. Tena kuna kukoza na kukolea, ambavyo husema juu ya nguvu ya rangi bila kujali jina lake: nyekundu iliyokoza, buluu iliyokolea. Mchoraji wa Marekani Albert Munsell, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1905, alihitaji kueleza kuwa kila rangi ina pande tatu, yaani jinsi yake, ung'avu wake na ukolevu wake. Mbili kati ya hizo tayari zimo midomoni mwa wauza vitambaa. Kitenzi kimehifadhi tofauti ambayo nomino imeipoteza.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa neno rangi libakizwe kwa mwonekano peke yake kila panapoandikwa habari za upimaji. Kile kinachowekwa juu ya karatasi kiitwe kwa jina lake, wino au tona, na pale linapohitajika jina la jumla, kiitwe kitiarangi, kwa umbo lilelile la kizimamoto ambalo hakuna mtu anayelilalamikia. Sifa ya uso, zile tarakimu 31, iitwe mwakisiko, kutokana na kuakisi. Watakaoona kitiarangi ni neno zito wana haki ya kutafuta jepesi zaidi. La muhimu ni kuwa lisiwe rangi.

4.0 Vipande 329 na Watu 17

Wasomi wa idara za Kiswahili wanaufahamu vyema utafiti wa Berlin na Kay (1969) kuhusu majina ya msingi ya rangi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 zilizochunguzwa humo kwa vipande vya rangi vya Munsell, 320 vyenye rangi na 9 vya weupe, kijivu na weusi. Wasemaji waliohojiwa kwa lugha nyingi kati ya hizo walikuwa wakaazi wa eneo la ghuba ya San Francisco, na mara nyingi lugha nzima iliwakilishwa na msemaji mmoja. Lawama juu ya jambo hili zimekwisha kutolewa na hazihitaji kurudiwa. Ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kuwa utafiti ule, kwa vigezo vyake, uliyatilia shaka majina yatokanayo na vitu, pamoja na majina yaliyokopwa karibuni.

Kwa Kiswahili vigezo hivyo vinaacha machache. Ni rangi tatu tu ambazo zina vivumishi halisi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Kitambaa huwa cheupe, cheusi au chekundu. Nje ya hizo tatu, sarufi hubadilika: kitambaa huwa cha kijani, cha manjano, cha kijivu, cha zambarau, cha kahawia, au kwa kirefu cha rangi ya maziwa au ya damu ya mzee. Jani, bizari, majivu, tunda, kahawa. Mwanaisimu aliyeshika orodha ya majina ya msingi husoma hapa dalili ya lugha ambayo bado haijafika.

Mpimaji wa rangi husoma kitu kingine kabisa. Kwake yeye, kusema "rangi ya majivu" ni kumwonyesha msikilizaji sampuli na kumwambia: chochote kitakacholingana na hiki, ndicho. Huo ndio msingi wa upimaji wote wa rangi. Spektrofotomita yenyewe, kabla haijapima chochote, hutazamishwa kigae cheupe cha kauri ambacho thamani zake zimekwisha kupimwa na kuandikwa kwa ajili ya kifaa kilekile. Kigae hicho kikiingia vumbi, kila kipimo kitakachofuata kina kosa. Tofauti kati ya kigae na jani ni kuwa jani hunyauka; na wasemaji walilijua hilo pia, ndiyo maana wakaongeza sifa na kusema kijani kibichi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya majina ya rangi ya Kiswahili yameundwa kwa kurejelea sampuli, na kanuni iliyoyafanya yatiliwe shaka katika isimu ndiyo kanuni inayotegemewa katika maabara. (Wale wanaodhani Kiingereza kimeepukana na hali hii wakumbuke kuwa jina lake la rangi ya chungwa ni chungwa.)

Inafaa kuulinganisha utafiti huo na mwingine ulioutangulia kwa takriban miaka 40. Kiwango cha jicho la binadamu kinachotumiwa hadi leo katika vifaa vya kupimia rangi kilikubaliwa mwaka 1931, na kilitokana na majaribio ya Wright na ya Guild yaliyofanywa Uingereza. Watazamaji walikuwa 10 kwa Wright na 7 kwa Guild, jumla 17. Ni rahisi kucheka kuwa picha zote zilizochapwa duniani zinatazamwa kwa macho ya watu 17. Lakini watu hao hawakuulizwa jina la rangi yoyote. Walipewa nuru moja upande mmoja, na upande wa pili nuru tatu za kuchanganya, wakatakiwa kuzichanganya mpaka pande zote mbili zifanane. Kazi yao ilikuwa kufananisha, wala haikuwa kutaja, na katika kufananisha lugha ya mtazamaji haina nafasi kubwa. Ndiyo sababu kiwango cha 1931 kimedumu, ilhali orodha za majina ya msingi zimeendelea kusahihishwa na hata waandishi wake wenyewe.

Kufananisha nako kuna mitego. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa mwakisiko wake ni tofauti ingawa mwonekano uliafikiana. Mnunuzi wa kitenge anayetoka nacho hadi mlangoni mwa duka ili akitazame juani anajikinga na mtego huo, naye hajawahi kusoma fizikia. Wachapaji walikubaliana juu ya nuru ya mchana ya takriban kelvini 5000, iitwayo D50. Hata hivyo, karatasi nyingi za kisasa hutiwa kemikali za kung'arisha ambazo hufyonza urujuanimno na kutoa nuru ya buluu, hivyo kwamba weupe wa karatasi hutegemea kiasi cha urujuanimno kilichomo katika taa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13655, katika toleo lake la 2009, kililazimika kutaja hali nne za upimaji kwa sababu ya matatizo ya namna hii. Anayetoa tarakimu za rangi bila kutaja hali ya kupimia ametoa nusu ya habari.

Kutokana na hayo, mapendekezo ya kuziita wino za uchapishaji kwa majina ya kawaida, saiani iwe samawati na majenta iwe waridi, hayafai kukubaliwa. Samawati ni jina la mwonekano, na kila msemaji ana anga yake. Saiani katika kichapishi ni jina la kitiarangi maalumu kinachofyonza wekundu wa nuru. Acha kikopwe. Kiingereza chenyewe kilikopa la kwanza kutoka Kiyunani, na la pili lilitokana na mji wa Italia uliopiganiwa mwaka 1859, mwaka uleule ambao rangi ile ya kiwandani ilianza kutengenezwa. Hakuna Mwingereza aliyedai kuwa lugha yake imetwezwa.

5.0 Kugeza

Suala la vitenzi ni zito zaidi, kwa kuwa hapa kosa la neno huzaa kosa la mkono. Katika karakana nyingi kitenzi kinachotumika ni kurekebisha. Mteja analalamika kuwa uso wa bibi harusi umekuwa mwekundu. Fundi anaambiwa "rekebisha rangi", naye anapunguza majenta. Kesho yake hewa imebadilika, au tona imebadilishwa, na picha inaelekea ukijani, fundi anaongeza. Kila hatua imemridhisha mteja mmoja. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayejua mtambo uko katika hali gani, na fundi mpya anayekuja hurithi marekebisho ya marekebisho. Fundi huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alitenda hasa kile kitenzi kilichomwagiza.

Wataalamu wa upimaji wanatenganisha matendo mawili. La kwanza ni kukiweka kifaa mbele ya kiwango kinachojulikana na kuandika kimetofautiana nacho kwa kiasi gani. La pili ni kukibadili kifaa ili tofauti ipungue. Msamiati wa kimataifa wa upimaji, katika toleo lake la tatu la mwaka 2008, unaonya wazi kuwa tendo la kwanza lisichanganywe na la pili. Ajabu ni kuwa wachapaji wanaotumia Kiingereza hawakuitii tahadhari hiyo: neno lao moja hujumuisha kuchapa viraka, kuvipima, na kuweka mikunjo ya masahihisho katika mtambo, yote kwa pamoja. Kwa hiyo mfasiri anayetafuta neno moja la Kiswahili la kulingana na neno hilo moja la Kiingereza anajitahidi kuhamisha mkanganyiko usio wake.

Maneno yaliyopendekezwa na watu mbalimbali hayatoshelezi. Kusawazisha ni kufanya viwe sawa, na vichapishi viwili vibovu vinaweza kusawazishwa vikawa vibovu kwa kiwango kimoja. Kulinganisha hakusemi kinacholinganishwa nacho kina mamlaka gani. Kuhakiki ni neno zuri, nalo hutumika katika ukaguzi wa mizani sokoni, lakini linabeba hukumu ya kufaa au kutofaa, na tena katika idara hizihizi limekwisha kuposwa na fasihi. Kukopa umbo la Kiingereza kunawezekana, na mafundi wengine hufanya hivyo, ila neno linalotokea ni refu na halizai.

Neno linalozaa lipo. Kigezo ni neno la kila siku. Hakuna mwanafunzi wa shahada ya pili anayeweza kuandika sura ya mbinu za utafiti bila kulitumia. Shina lake ni geza, kitenzi kilichosajiliwa katika kamusi za zamani kwa maana ya kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine, na ambacho kimesinzia huku mtoto wake akiendelea kufanya kazi. Shirika la Viwango Tanzania nalo hutumia ugezi kwa taaluma ya upimaji. Basi kugeza kuwe ni tendo la kwanza: kukiweka kifaa mbele ya kigezo na kuandika tofauti. Kurekebisha kubaki kwa tendo la pili. Mtambo uliogezwa unaweza usirekebishwe, iwapo tofauti ni ndogo. Lakini mtambo usirekebishwe kabla ya kugezwa. Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kubandikwa ukutani mwa karakana na ikaeleweka, jambo ambalo haliwezekani iwapo matendo yote mawili yana jina moja.

Zitatolewa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kuwa geza limepitwa na wakati na kwa baadhi ya wasemaji lina maana ya kuiga. Pingamizi hili lina uzito kidogo. Hata hivyo kuiga ni kufuata mfano, na anayegeza anautazama mfano. Maana hizo mbili ni ndugu, wala muktadha wa karakana hautamwacha msikilizaji njiani. Ya pili ni kuwa mafundi hawatalitumia neno lililotoka chuoni. Huenda. Lakini mafundi hutumia maneno ya miongozo ya mitambo, na miongozo hufasiriwa na watu waliopita katika idara hizi. Lawama ya neno kutotumika isiwashukie mafundi kabla wafasiri hawajaliandika.

Istilahi nyingine hufuata kwa urahisi. Mwaka 1993 makampuni manane, yakiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, yalianzisha muungano wa kukubaliana juu ya faili inayoeleza jinsi kila kifaa kinavyoona au kutoa rangi. Faili hiyo inaitika vizuri kwa jina la wasifu. Wasifu wa kichapishi ni maelezo ya mtambo katika hali uliyokuwa nayo ulipogezwa. Hali hiyo ikibadilika, wasifu unakuwa ushahidi wa uongo, kama wasifu wa mtu anayedai kazi aliyokwisha kuiacha.

6.0 Miswada

Msomaji anaweza kuuliza haya yanaihusu nini idara ambayo kazi yake ni lugha na fasihi. Jibu limo katika makabati ya miswada. Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, iliyohifadhiwa Dar es Salaam, London na kwingineko, inazidi kusomwa kupitia picha za dijitali na nakala zilizochapwa kutoka katika picha hizo. Mhariri wa utenzi hukutana na neno lililofutwa na jingine kuandikwa pambizoni, naye hutaka kujua kama mkono ni ule ule. Mojawapo ya dalili zake ni wino: je, weusi wa pambizoni umeelekea ukahawia kuliko ule wa katikati ya ukurasa? Hoja nzima juu ya mnakili wa pili inaweza kusimama juu ya tofauti hiyo ndogo.

Sasa, picha iliyorekebishwa bila kugezwa huwa nzuri sana. Karatasi imetiwa weupe, maandishi yametiwa weusi, madoa yamefifia. Inapendeza katika jalada la kitabu. Lakini kilichotiwa weusi ni pamoja na ule ukahawia wa pambizoni, na mnakili wa pili amefutwa na kitufe cha programu. Picha iliyogezwa ina kadi ya vipande vya rangi vilivyopimwa, imewekwa kando ya ukurasa wakati wa kupiga, na tarakimu zake hubaki katika faili hata baada ya picha kupambwa. Yeyote anaweza kurudi kwenye kadi na kuhesabu upya.

Kihisi cha infraredi, kilekile kisichoona rangi katika kichapishi, kina la kusema hapa pia. Wino wa masizi hubaki mweusi mbele yake kama ibakivyo tona nyeusi. Wino wa chuma na tanini hufifia kadiri mawimbi yanavyorefuka, hadi karibu kutoweka. Wino mbili ambazo jicho limeziona zote nyeusi zinaweza kutenganishwa kwa picha moja ya namna hiyo, bila kuugusa ukurasa na bila kuuliza zinaitwaje.

Tasnifu zinazohariri tenzi huorodhesha kwa uangalifu namba ya mswada, idadi ya beti na vipimo vya karatasi kwa sentimita. Ni mara chache huandikwa kama picha iliyosomwa iligezwa, kwa kadi gani na chini ya taa gani, na mtahini naye haulizi. Safu hiyo moja ikiongezwa katika maelezo ya mswada, gharama yake ni mistari miwili, na kwa miswada ambayo karatasi yake imeanza kuliwa na wadudu, huenda ndiyo safu itakayosomwa na mhariri ajaye wakati ukurasa wenyewe haupo tena wa kutazamwa.